Cheti cha Mwili Sawa

Majengo, Songea
12 Julai 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unapanga tumbaku yako na kuwasema watu kama kawaida. Mimi huku sijambo, afya tele, hofu yangu ni kwako tu. Majirani wote wa Majengo wanakusalimu, hata wale uliowagombeza ulipokuja Pasaka.

Nimepata kazi, shangazi. Usianze kuguna, si ya baa. Unakumbuka lile duka la ushirika lililobaki na rafu tupu miaka yote? Sasa limepangishwa kwa Mchina, Daktari Lin, anayetibu kwa mizizi na magome ya kwao. Tangu biashara iachwe huru tumeletewa redio, baiskeli na mitumba ya kila namna, na sasa tumeletewa madaktari. Ana kabati lenye droo mia moja na ishirini, na kila droo ina harufu yake. Yeye anasema Kiingereza cha kukatakata, mimi namgeuzia mgonjwa kwa Kiswahili. Kile Kiingereza cha masista ulichonisomesha ndicho kimenipa mkate.

Daktari anasema watu hawako sawa kwa kuumbwa. Kuna miili tisa. Kuna Mwili wa Ubaridi, ndio wangu mimi mwenye miguu ya barafu. Kuna Mwili wa Pumzi Haba, Mwili Mkavu, Mwili wa Damu Iliyotuama, na mingine. Majina hayo nimeyatafuta mimi kwa Kiswahili, usiyacheke. Wa kwanza na bora ni Mwili Sawa, usiopungukiwa kitu. Ni kama wewe unavyoyatenga majani kwa madaraja kabla ya mteuzi wa wanunuzi kuja kuyapima ubora, ila yeye anatenga watu. Kwa maelezo yake, baadhi ya miili hiyo ndiyo inayopenda kuota uvimbe mbaya, ile saratani. Lakini ni mkweli: uvimbe ukishakuwa mgumu hautibu yeye, anasema hiyo ni kazi ya kisu cha hospitali, na mapema.

Nikamfikiria bibi. Ule uvimbe wake wa kifuani haukujulikana mpaka siku ya kumwosha, na wewe ndiye uliyemwosha. Daktari anasema mambo haya hufuata ukoo. Kwa hiyo nakutumia fomu yenye maswali sitini. Jibu kila moja: hapana kabisa, mara chache, mara nyingi au siku zote. Jibu kweli, shangazi, nina wewe mmoja tu.

Mwanao,
Beata


Lusewa
3 Agosti 1997

Mwanangu Beata,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na mimi huku sijambo, namshukuru Mungu, hofu ni kwako wewe unayekaa na watu wa droo mia na ishirini. Daimu, jirani yangu, anakusalimu, na mbuzi wake aliyekula mtama wangu naye anakusalimu.

Tumbaku mwaka huu imetoka vizuri. Siku hizi wanakuja wanunuzi wawili, wa chama cha ushirika na wa kampuni, na kila mmoja ana mteuzi wake, wote vijana, wanashika jani kama wanashika karata. Wenzangu wengine wameona hapo ndipo pa kufanyia ujanja. Wanaficha majani mabovu katikati ya mtumba wa tumbaku, wanazungushia mazuri, wanafunga. Nimewaambia kwenye kikao, anayefanya hivyo anatuharibia jina Lusewa nzima, na mtumba wenye bovu katikati huozea mbele ya safari. Wamenuna. Wanune.

Sasa fomu yako. Mwanangu, maswali gani haya? Eti choo kinatokaje. Eti je, unahema bila sababu. Nimemaliza yote kwa heshima yako. Je, unachoka haraka? Hapana kabisa. Unalala vizuri? Namshukuru Mungu. Je, una uvimbe au maumivu mahali popote? Hapana kabisa. Kuhusu bibi yako niachie mimi, marehemu hasemwi kwenye fomu.

Mwandiko usikushangaze. Niliumia bega la kulia nikibeba mtumba, na mkono umevimba kidogo, kwa hiyo naandika kwa kushoto. Utapoa.

Ni mimi shangazi yako,
Ludovika


Majengo, Songea
20 Agosti 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, natumaini na wewe pia, na bega limepoa.

Nimekuwa kama mtoto wa siku ya kipaimara leo. Nimejumlisha alama zako mara mbili na jibu ni lile lile: Mwili Sawa. Sijaona fomu safi kama hiyo. Daktari Lin amesafiri Dar kuchukua dawa, anarudi mwisho wa mwezi, nami nimeshindwa kungoja. Nimechukua karatasi nzuri ya kliniki nikakuandikia cheti mwenyewe: Ludovika, wa Lusewa, Mwili Sawa, hana dalili za uvimbe. Ni cheti namba tisa. Nimegonga na muhuri. Si kawaida yetu kutoa vyeti kwa mtu asiyeshikwa mkono na kutazamwa ulimi, lakini nani asiyekujua wewe? Ungekuwa mgonjwa Lusewa nzima ingejua kwa ukimya.

Kiweke ukutani. Nimelala vizuri tangu nikiandike, kwa sababu tangu nianze kazi hii nilikuwa nakuona wewe katika kila mama anayeingia hapa.

Lakini hilo bega, umelipaka nini?

Mwanao mwenye furaha,
Beata


Lusewa
28 Septemba 1997

Mwanangu Beata,

Marahaba. Mimi sijambo. Hofu ni kwako.

Cheti kimefika salama. Nimemwomba Daimu akitie kwenye fremu ya picha ya zamani, kiko ukutani karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Watu wanakuja kukiona. Hata wale walionuna wamekuja.

Kimeshanisaidia. Sista Oliva wa zahanati alipita hapa baada ya misa. Aliniona nimeufunga mkono kwa khanga, akanishika shika kwapani bila kuniuliza, unamjua alivyo. Akaniambia, Mama Ludovika, wewe uende Songea wiki hii hii, hospitali, usingoje. Akang'ang'ana. Nikamwonyesha cheti. Akakisoma, akautazama muhuri, akakisoma tena. Akasema basi, kama daktari wa Songea ameshakuona. Akaenda zake. Kwa hiyo ubarikiwe, umeniondolea usumbufu.

Daimu ananicheka eti nawasha moto wa bani, kile kibanda cha kukaushia majani, wakati tumbaku yote imeshauzwa, nakaa humo kwenye moshi kutwa. Nimemwambia mtu mzima huota moto. Siku hizi napenda moshi. Hata wageni nawapokelea huko.

Nitumie dagaa wa Nyasa ukipata mtu. Hapa kila chakula kinanikataa, labda dagaa watakubali.

Shangazi yako,
Ludovika


Majengo, Songea
2 Novemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii isome ukiwa umekaa.

Jumatano alikuja bibi mmoja wa Mpitimbi, Bi Emerensiana, ameletwa na mkwe wake. Nilimsomea maswali. Je, unachoka? Sijambo, mwanangu. Unalala? Namshukuru Mungu. Una maumivu? Hapana, tunaendelea. Maswali sitini, sijambo sitini. Nikajumlisha: Mwili Sawa. Nikamfurahia kama nilivyokufurahia wewe.

Daktari akamshika kifundo cha mkono, akakaa nacho muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu droo. Akatazama ulimi. Kisha akaniambia nimwombe bibi afungue khanga. Shangazi, sikuweza kutafsiri, nikaifungua kwa mikono yangu. Lile titi lilikuwa gumu kama kisigino na ngozi imevutwa ndani. Daktari akaandika karatasi ya hospitali, wakaondoka muda ule ule.

Walipotoka aliniuliza, kwa nini alisema hana kitu? Nikamwambia, daktari, kwetu mtu akikuuliza hali unajibu sijambo kwanza. Ukianza na maradhi unamtwisha mwenzio mzigo kabla hajakaa. Akauliza, na hiyo kwanza huisha lini?

Basi akachukua sanduku la fomu. Kina mama sabini na wawili waliopita miaka hamsini. Sitini na mmoja nimewaandika Mwili Sawa. Akasema hata kwao hakuna kijiji chenye afya namna hiyo. Kosa ni langu, maswali niliyageuza mimi, na niliyageuza yakawa salamu. Kisha akafungua daftari la vyeti, akauliza namba tisa ilikwenda kwa nani, na ni nani aliyemshika mkono. Nikamwambia ukweli wote, hata habari za bega na mkono. Hakunifokea. Akaniuliza, shangazi yako mkono upi umevimba?

Nimerudi chumbani nikazitandaza barua zako kitandani. Bega. Mkono. Kwapa. Moshi. Chakula kinachokukataa. Niliyasoma yote hayo, shangazi, na kila mara nikakujibu kwa furaha.

Nakuomba utoe cheti ukutani ukichane. Kile si cha daktari, ni changu mimi, niliyekitengeneza kwa kukupenda na kwa ujinga. Mwambie Sista Oliva hivyo hivyo. Kisha jibu fomu hii mpya, na swali la ishirini na moja, lile la uvimbe, usinijibu kama mtu aliyekupitia njiani. Au usijibu kitu, panda gari uje.

Beata wako


Majengo, Songea
20 Desemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Nilikuwa sijui kama barua yangu ya mwezi uliopita uliipata. Leo nimepata jibu: kondakta amenirudishia, imelowa, haikuvuka hata Namtumbo. Mvua hizi hazijawahi kuonekana. Daraja limekwenda na maji, na magari ya kwenu yamesimama tangu mwanzoni mwa Novemba. Kwa hiyo muda wote nikidhani umekasirika, wewe ulikuwa hujui lolote, na cheti bado kiko ukutani.

Nimeinakili upya, iko humu ndani pamoja na fomu. Anaibeba Kajetani, dereva wa trekta la mbolea ya wanunuzi. Anasema atapita hata kama ni kwa kuzunguka porini. Nimemwambia asimpe mtu mwingine ila wewe.

Bi Emerensiana alifanyiwa upasuaji. Mkwe wake anasema ameanza kuomba uji. Nakwambia hili ujue kwamba inawezekana.

Krismasi hii sili kitu mpaka nikusikie. Nijibu.

Beata


Lusewa
26 Januari 1998

Beata,

Marahaba. Mimi si mzima.

Naandika hivyo mwanzoni kwa sababu nikianza na salamu sitafika. Kajetani amenipa barua mkononi kama ulivyomwagiza, na trekta linaondoka akishamaliza kushusha mbolea. Sina muda wa kupamba. Mkono wa kushoto umeshazoea, ila unachoka.

Swali la pili. Je, unachoka haraka? Siku zote. Kutoka kitandani hadi mlangoni napumzika mara mbili.

Swali la nane. Unalala vizuri? Nalala nimekaa. Nikijinyoosha pumzi inakatika.

Swali la kumi na nne. Hamu ya chakula? Hakuna. Nakula watu wakiniangalia.

Swali la ishirini na moja. Ninao. Titi la kulia. Mwaka juzi tulipokuwa tunapalilia ulikuwa kama punje ya hindi, nikasema ni jipu. Mwaka jana ulikuwa kama yai. Wiki ile ulipopata kazi ulikuwa umeshapasuka. Unatoa maji, na unanuka, Beata. Ndiyo maana nawasha bani na sina jani hata moja la kukausha. Moshi unaficha harufu. Wageni nawapokelea humo wasijue.

Utaniuliza kwa nini. Bibi yako naye alikuwa sijambo mpaka asubuhi ile nilipomfungua nimwoshe. Nilimkasirikia maiti wangu. Nilimwambia, mama, hata mimi umenificha? Nikaapa mimi sitafanya hivyo. Kisha likanijia mimi, na kila nilipofungua mdomo ilitoka salamu. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kujitegemea. Ningekwambia ungeacha yote uje kunikandia mkono. Na nilipoona cheti chako, nakuambia kweli, kuna siku mbili nilikiamini. Nilijua kilichomo kifuani mwangu, na bado nilikaa mbele ya ukuta nikasema labda wanajua zaidi yangu. Muhuri ni kitu kibaya.

Mimi niliyewasema watu kikaoni. Bovu nilikuwa nalo katikati ya mtumba wangu mwenyewe, nimelizungushia majani mazuri nimefunga kamba. Wakijua watacheka, na wana haki.

Usijitwike kosa. Fomu niliijaza mimi, na ningemdanganya hata daktari mwenyewe akinishika mkono. Hapo ndipo mnapokosea wewe na Mchina wako. Maswali hayakuwa mabaya. Ulimwuliza mtu ambaye hajawahi kuulizwa na mtu anayengoja jibu.

Sista Oliva nimemwambia. Alilia, kisha akanisafisha, anakuja kila siku. Anasema barabara ikifunguka tu atanipeleka Songea.

Nimekuambia kweli mara moja. Usiniombe nirudie, sina nguvu hizo mara mbili.

Shangazi yako,
Ludovika


Majengo, Songea
27 Februari 1998

Shangazi wangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia juzi, mwezi mzima njiani. Kajetani alikwama porini wiki tatu na trekta, ameileta imefungwa ndani ya soksi.

Na mimi si mzima, shangazi. Nakujibu kama ulivyonijibu. Nimekasirika na nimeogopa, na nakosea vipimo mpaka daktari amenizuia kupima dawa. Nilimsomea majibu yako moja moja. Hakujumlisha. Alizifunga zile fomu sitini na moja kwa uzi, akasema sasa tutawatafuta hao kina mama, nyumba kwa nyumba, na safari hii tutakaa nao kwanza mpaka salamu ziishe. Kisha akakuandikia karatasi ya hospitali, kurasa mbili.

Daraja limetengenezwa kwa magogo. Gari linakuja Alhamisi, tarehe tano, nami nikiwa ndani yake. Nimeweka godoro nyuma. Mwambie Daimu na wenzake wakubebe hadi barabarani saa nne asubuhi. Usibishe. Hospitali wanatungoja, nimekwenda mwenyewe kuwaambia, daktari wa pale amesema mlete, tutaona. Amesema tutaona, hakusema haiwezekani.

Barua hii anakuja nayo Padri, anayesalisha kwenu Jumapili. Amenihurumia, anaondoka leo. Mpe jibu arudi nalo. Andika neno moja tu, kwamba utakuwa tayari.

Ningoje, shangazi. Siku sita tu.

Mwanao,
Beata


Lusewa
2 Machi 1998

Mwanangu Beata,

Marahaba. Barua yako amenisomea Padri, na hii anaiandika yeye. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asiongeze wala asipunguze. Jana baada ya misa alinipaka mafuta ya wagonjwa, na watu wa jumuiya wakaimba nje kwenye mvua.

Mimi huku sijambo. Ni mzima kabisa, afya tele, hofu yangu ni kwako tu. Bega limepoa. Nalala vizuri, chakula nakula, sichoki. Mwambie daktari aandike hivyo.

Gari la Alhamisi lije. Lakini mwambie dereva asikimbize, barabara ni mbovu na hakuna haraka tena. Lile godoro libaki Majengo, utalilalia mwenyewe. Badala yake lete sabuni nzuri na shuka jeupe jipya, la hapa dukani ni jepesi. Kazi ya kuosha nakuachia wewe. Kina mama wa jumuiya watataka kukusaidia, wakatalie kwa adabu. Wewe hutashtuka, nimeshakuambia kila kitu, hakuna utakachokikuta usichokijua. Hicho ndicho bibi yako hakunipa mimi.

Hao kina mama sitini na mmoja kawatafuteni. Anza na wale wanaocheka sana.

Cheti sikukichana. Daimu alikuwa amekitoa, nimemwambia akirudishe ukutani. Wiki hii watakuja watu wengi hapa nyumbani, na wewe utakuwepo, sitaki waone mahali patupu waanze kuuliza.

Bani nimeizima. Sista amefungua madirisha yote.

Ni mimi shangazi yako, mzima,
Ludovika